Kuongeza Majani ya Springi Hakuongezi Uwezo wa Gari: Yawapasayo Kufahamu Wamiliki wa Magari ya Zamani Singida

Na Mwandishi Wetu, Singida

MABASI madogo na malori yaliyotumika kwa miaka mingi yangali mhimili wa usafiri kwa wananchi wengi wa Mkoa wa Singida. Ndiyo yanayowapeleka abiria kwenye minada na hospitalini, na ndiyo yanayotoa alizeti na vitunguu mashambani kuvifikisha sokoni. Mengine, baada ya kustaafu kazi ya abiria, hugeuzwa kuwa gari-nyumba la kusafiria, duka linalotembea au kliniki tembezi.

Gari linapofikia umri huo, sehemu ya nyuma huanza kulala. Mmiliki hulipeleka gereji, na mara nyingi ushauri wa kwanza anaoupata ni kuongeza jani moja au mawili ya springi. Kazi hiyo huchukua nusu siku, gari huinuka, na mmiliki huondoka akiamini kuwa sasa linaweza kubeba zaidi ya awali.

Imani hiyo si sahihi. Kuongeza majani ya springi hubadilisha kimo cha gari na ugumu wa mwendo wake, lakini hakuongezi hata kilo moja katika uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba. Makala haya yanaeleza sababu za kitaalamu na za kisheria za jambo hilo, kazi ambazo mmiliki anaweza kuzifanya mwenyewe kwa usalama, na zile ambazo hana budi kumwachia fundi mwenye ujuzi.

Springi hufanya kazi gani?

Mfumo wa springi na shokapu, ambao mafundi huuita sasipensheni, una kazi mbili. Springi hubeba uzito wa gari na kupokea mshtuko tairi linapopita juu ya shimo au tuta. Shokapu huzuia springi isiendelee kudunda baada ya mshtuko huo. Springi ikifanya kazi peke yake, gari hurukaruka na tairi huachana na barabara. Na tairi lisilogusa barabara haliwezi kufunga breki wala kufuata usukani.

Malori mengi na mabasi madogo ya zamani, ikiwamo Toyota Coaster inayofahamika sana nchini, hutumia springi za majani upande wa nyuma. Hizi ni bapa za chuma maalumu zilizopangwa moja juu ya nyingine, zikashikwa pamoja na bolti ya katikati na kufungwa kwenye ekseli kwa yubolti. Bapa la juu, ambalo ni refu kuliko mengine, ndilo linaloungana na chesisi kupitia bushi.

Ugumu wa springi hutegemea idadi ya majani na unene wake. Springi yenye majani matano yanayolingana, ikiongezewa la sita, huwa ngumu zaidi kwa takribani asilimia 20. Unene una nguvu kubwa zaidi: jani lenye unene wa milimita 10 ni gumu karibu mara mbili ya jani la milimita 8 lenye urefu na upana uleule. Kwa sababu hiyo, jani lililotolewa kwenye lori na kuchomekwa kwenye basi dogo hubadilisha tabia ya gari kuliko macho yanavyoweza kuona.

Kwa nini uwezo wa gari hauongezeki?

Uzito unaopita kwenye springi hauishii hapo. Huteremka kwenye ekseli, beringi, rimu na matairi, na gari linapopunguza mwendo, kazi ya kulisimamisha huzielemea breki. Mtengenezaji huweka kikomo cha uzito kwa kuzingatia sehemu iliyo dhaifu kuliko zote katika mnyororo huo. Springi ikiimarishwa peke yake, udhaifu hauondoki. Huhamia kwenye sehemu nyingine isiyoonekana kwa urahisi, kama vile beringi inayopata joto, ekseli inayopinda au chesisi inayopata ufa karibu na mahali springi iliposhikwa.

Jambo jingine linahusu breki. Baadhi ya magari yana vali inayopima mzigo, ambayo huunganishwa kati ya chesisi na ekseli ya nyuma. Gari likibeba mzigo, chesisi hushuka, na vali huruhusu nguvu zaidi ya breki kwenye magurudumu ya nyuma. Likiwa tupu, chesisi huinuka, na vali hupunguza nguvu hiyo ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na kuteleza. Springi ikiongezewa majani, chesisi haishuki tena kama ilivyokusudiwa hata gari likiwa limejaa. Vali hupata taarifa kuwa gari ni tupu na kuipunguzia ekseli ya nyuma breki wakati inapozihitaji kuliko wakati wowote. Vali isiporekebishwa upya, gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama, na dereva hawezi kufahamu sababu.

Athari hiyo ina uzito wa pekee mkoani hapa. Gari linalotoka Singida kuelekea Nzega na Mwanza hulazimika kuteremka Sekenke, wilayani Iramba, ambako mteremko na kona huzitaka breki zifanye kazi kwa muda mrefu bila kupumzika. Gari lililojaa kupita kiasi, lenye breki za nyuma zilizopunguzwa nguvu, linaweza kufika chini ya mteremko likiwa na breki za mbele zilizopata moto hadi kushindwa kushika.

Aidha, gari lililoinuliwa huwa na kitovu cha uzito kilicho juu zaidi. Singida inafahamika kwa upepo wake mkali, na gari refu lililobeba mzigo juu ya paa huyumba kwa urahisi upepo unapolipiga ubavuni au linapokata kona. Taa zake za mbele nazo hubadilika mwelekeo: nyuma ikishushwa na mzigo mwanga huenda juu, na nyuma ikiinuliwa kupita kiasi mwanga huishia karibu mno na gari. Kwa dereva anayesafiri usiku, hali zote mbili ni hatari.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakataza kutumia barabarani gari ambalo hali yake ni ya hatari kwa watu. Wajibu huo unamhusu mmiliki pamoja na dereva, na hauondolewi na maelezo kwamba kazi ilifanywa na fundi.

Kuhusu uzito, Tanzania inatekeleza Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo ilianza kutumika nchini Machi 2019. Sheria hiyo inayahusu magari yenye uzito wa kuanzia tani 3.5, yaani kilo 3,500, pamoja na mzigo. Hivyo haiyagusi malori makubwa pekee. Mabasi madogo mengi nayo yamo.

Viwango vikuu vilivyowekwa kwa kila ekseli ni hivi:

- Ekseli ya usukani yenye matairi 2: tani 8.
- Ekseli moja yenye matairi 4: tani 10.
- Ekseli mbili zilizoungana zenye matairi 8: tani 18.
- Ekseli tatu zilizoungana zenye matairi 12: tani 24.
- Uzito wa jumla wa gari na mzigo wake: usizidi tani 56.

Viwango hivi ni ukomo wa juu kwa ajili ya kulinda barabara. Havimpi mmiliki wa basi dogo ruhusa ya kuweka tani 10 kwenye ekseli ambayo mtengenezaji ameipangia tani 3. Kila gari lina kikomo chake, kilichoandikwa kwenye kibao cha mtengenezaji, na kadi ya gari huonyesha uzito wa gari likiwa tupu na uzito wake wa jumla linapobeba mzigo. Kikomo kilicho kidogo ndicho kinachopaswa kufuatwa.

Ieleweke pia kwamba mizani, ikiwamo ile ya Njuki mkoani Singida inayosimamiwa na Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), haipimi springi. Hupima uzito unaoikandamiza barabara kupitia kila ekseli. Gari lililoongezewa majani linaweza kuonekana limesimama wima na halikulemewa, lakini mizani ikatoa namba ileile ambayo ingetoa kama nyuma ingekuwa imelala. Tena namba hiyo huwa kubwa kidogo, kwa kuwa majani yaliyoongezwa nayo yana uzito. Mwenye gari lililozidisha hutozwa tozo, na hutakiwa kupunguza au kupanga upya mzigo kabla ya kuendelea na safari.

Msingi wa ukali huo ni wa kisayansi. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kuwa uharibifu wa barabara hukua kwa kasi kubwa kuliko uzito wenyewe, takribani kwa kipeo cha nne. Maana yake ni kwamba ekseli ya tani 10 ikibebeshwa tani 12, uzito umeongezeka kwa asilimia 20 tu, lakini uharibifu huongezeka mara mbili. Gharama ya kurudishia lami iliyovunjika hulipwa na wananchi wote, wakiwamo wasiomiliki gari.

Mzigo usiohesabiwa

Wamiliki wengi huzidisha uzito bila kukusudia. Sababu mojawapo ni lumbesa. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inayosimamiwa na Wakala wa Vipimo (WMA), inataka mazao yauzwe kwa kupimwa kwenye mizani, na gunia lisizidi kilo 100. Dereva anayehesabu magunia 40 akidhani ni tani 4, kumbe kila gunia lina kilo 130, amepakia tani 5.2. Tofauti hiyo ya kilo 1,200 haionekani kwenye hesabu ya magunia. Huonekana kwenye springi. Jani linaloongezwa hapo linaificha lumbesa iliyostahili kukataliwa shambani.

Kwa gari lililogeuzwa kuwa nyumba ya kusafiria au kliniki tembezi, tatizo ni la namna nyingine. Basi la abiria hupakia na kupakua, hivyo springi hupata nafasi ya kupumzika. Gari-nyumba hubeba vitanda, makabati, tangi la maji na betri usiku na mchana, hata likiwa limeegeshwa. Springi iliyo chini ya mzigo usioisha huchoka mapema na kupoteza mviringo wake.

Chukua mfano wa hesabu. Basi dogo lina uzito wa kilo 3,300 likiwa tupu, na kikomo chake cha jumla ni kilo 5,000. Linaweza kubeba kilo 1,700. Limewekewa vitanda, makabati na meza za kilo 500, tangi la maji la lita 200 ambalo likijaa huongeza kilo 200, jenereta na betri za kilo 150, jiko na mitungi ya gesi kilo 60, vifaa na vipuri kilo 140, na watu wanne wenye jumla ya kilo 280. Jumla ni kilo 1,330, na gari lote lina kilo 4,630. Kwa hesabu ya jumla halijazidisha.

Hata hivyo, tuseme mizani inaonyesha kilo 1,510 mbele na 3,120 nyuma, ilhali kikomo cha ekseli ya nyuma ni kilo 3,000. Nyuma imezidi kwa kilo 120, na ndiyo sababu gari limelala. Ikiwa tangi la maji liko mita moja nyuma ya ekseli, kulihamishia katikati ya gari huiondolea ekseli ya nyuma zaidi ya kilo 150. Tatizo limekwisha bila kununua jani hata moja, na breki, matairi na beringi vyote vimepata nafuu kwa pamoja.

Mmiliki aanzie wapi?

Hatua ya kwanza ni kupima. Gari liegeshwe likiwa tupu mahali palipo tambarare, kisha ipimwe kwa futi ya kamba nafasi kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake. Namba hizo ziandikwe pamoja na tarehe, na upimaji urudiwe kila baada ya miezi michache. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine, ama springi ya upande huo imechoka au imevunjika, ama vitu vizito vimepangwa upande mmoja.

Hatua ya pili ni kukagua kwa macho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake yote. Mmiliki aangalie nyufa kwenye majani, hasa karibu na bolti ya katikati na kwenye jicho la jani kuu, majani yaliyohama kutoka kwenye mstari wake, bushi zilizoliwa, yubolti zenye kutu au zilizolegea, na shokapu zinazovuja mafuta. Matairi nayo hutoa ushahidi: tairi lililoliwa upande mmoja au lenye mabonde mabonde huashiria kwamba mfumo una hitilafu.

Hatua ya tatu ni kufahamu uzito wa kila ekseli gari likiwa limebeba mzigo wake wa kawaida, na kuulinganisha na kibao cha mtengenezaji. Bila namba hizo, matengenezo yoyote ni ya kubahatisha.

Baada ya hapo, marekebisho yafuate mpangilio huu: kwanza kupunguza au kupanga upya mzigo, pili kubadilisha bushi na shokapu zilizochoka, tatu kurudisha springi katika hali yake ya asili kwa kufunga springi kamili yenye vipimo vya mtengenezaji. Springi za ekseli moja hubadilishwa zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa springi mpya upande mmoja na iliyochoka upande wa pili hulifanya gari livutie upande. Shokapu nazo hubadilishwa jozi. Kufunga springi ngumu zaidi, au mito ya upepo ya kusaidia springi, kuwe jambo la mwisho, kufanywe kwa ushauri wa mtaalamu, na kuambatane na kurekebisha shokapu, vali ya breki na taa. Hata baada ya hayo yote, kikomo cha uzito hubaki palepale.

Mambo yasiyofaa kufanywa

Zipo njia za mkato ambazo hazina budi kuepukwa. Kupasha jani la springi kwa moto wa gesi ili kulikunja upya huondoa ugumu uliowekwa kiwandani, na jani hilo hulala tena au kukatika. Kuchomelea jani lililopasuka ni hatari vilevile, kwa kuwa chuma kilicho kando ya mchomeleo huwa dhaifu na huvunjika bila dalili. Kuweka vipande vya mbao au vya matairi kati ya ekseli na springi huzilegeza yubolti, na ekseli inaweza kuhama gari likiwa mwendoni. Yubolti zilizokwisha kutumika zisirudishwe. Zifungwe mpya, zikazwe kwa nguvu iliyoelekezwa, na zikaguliwe tena baada ya safari za mwanzo.

Kwa anayefanya kazi mwenyewe nyumbani, kanuni ya kwanza ni kutoingia kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Magurudumu yawekewe vigingi, na chesisi ikalie stendi imara juu ya ardhi ngumu. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua inapofyatuka. Kwa hiyo kufungua bolti ya katikati, au kugusa springi za msokoto zilizo mbele ya baadhi ya mabasi madogo, ni kazi ya fundi mwenye vifaa vinavyofaa.

Huduma na wajibu

Mafundi wengi wa gereji za mitaani wana uzoefu mkubwa, na mwananchi hana sababu ya kuwakimbia. Anachopaswa ni kuwauliza maswali yanayofaa: jani hili lina unene gani, limetoka kwenye gari la aina gani, na vali ya breki itarekebishwa vipi? Mafundi waliojifunza kazi nje ya mfumo rasmi wana fursa ya kurasimisha ujuzi wao kupitia Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), na wamiliki wanafaidika kwa kuwatumia waliofanya hivyo. Magari ya umma, yakiwamo yanayotoa huduma za afya vijijini, yana utaratibu wake wa matengenezo kupitia Wakala wa Ufundi na Umeme Tanzania (TEMESA), na hayapaswi kubadilishwa mfumo wake kiholela.

Gari linapogeuzwa kutoka basi la abiria kuwa matumizi mengine, mmiliki awasiliane na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kuhusu kurekebisha taarifa za kadi ya gari, alipeleke kukaguliwa na wakaguzi wa magari wa Kikosi cha Usalama Barabarani, na aijulishe kampuni yake ya bima. Kwa mabasi yanayoendelea kutoa huduma kwa abiria, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ndiyo inayotoa leseni ya usafirishaji.

Abiria na wenye mazao nao wana sehemu yao. Mkulima anayefungasha gunia kwa kipimo halali humsaidia dereva kujua alichobeba. Abiria anayeona basi limejazwa kupita kiasi ana haki ya kukataa kupanda na kutoa taarifa kwa askari wa usalama barabarani. Springi iliyolala ni taarifa ambayo gari linampa mwenye nalo: ama mzigo umezidi, ama chuma kimechoka. Mmiliki atafute kwanza ni ipi kati ya hizo mbili, kwa mizani na kwa ukaguzi, kabla gari halijapakia tena na kuelekea Sekenke.